Mchumba wa Kilti

Shangazi yangu Mahfoudha haamini mtu mpaka amfuate. Muatasim aliponiletea posa, wazee walisema kijana msomi, ana kazi nzuri, katoka nyumba ya watu. Yeye alisema, "Tutaona." Kwetu, baina ya posa na jibu, mchumba huchunguzwa, na mchunguzi wa ukoo wetu ni yeye. Jibu lilikuwa litoke jioni ile ya Ijumaa. Asubuhi akanipakia garini, tukaenda kumvizia mtaa wa Khuwair ya Kusini, ambako alisikia Muatasim hakosi kuonekana Ijumaa hata moja.

Nilikwenda kwa hiari yangu, asisingiziwe mtu kuniburuta. Mume wangu wa kwanza, Talal, alipochunguzwa alikutwa safu ya mbele msikitini wiki nzima, mpole hata anatia huruma. Nilipoingia nyumbani kwake nikakuta mtu mwingine kabisa, asubuhi matusi, jioni matusi, mpaka nikarudi kwa mama yangu. Nikikosea tena, basi. Sina moyo wa mara ya tatu.

"Yule!" Shangazi akanifinya paja.

Alikuwa yeye kweli, anatoka kwenye jengo la ghorofa, anaelekea duka la mikate. Juu fulana, chini nguo ya mirabamiraba.

"Kavaa kikoi!" alisema Shangazi. "Mwanamme hendi dukani na kikoi ila mtaani kwake. Na kwao si hapa, kwao Sidab. Nnakwambia, hapa ana nyumba, na nyumba ina mwenyewe. Kuna mwanamke huko juu anangojea mkate."

Na kweli ndivyo ilivyo: kikoi ni vazi la nyumbani, na mtu havui kanzu yake kwa watu. Sijafungua mdomo, keshampigia mama simu. "Usiwape jibu. Huyu ana mke."

Nikashuka garini nikiwaka. Heri niitwe sina adabu kuliko kudanganywa mara ya pili. Nilipomkaribia nikaona kile si kikoi. Ni kitambaa kizito cha sufu, kina marinda nyuma, na mkanda wa ngozi kiunoni.

"Salaam alaykum. Huko juu anakaa nani?"

Alishtuka kidogo, akaitika salamu. "Rafiki yangu Ghaith. Kila Ijumaa tunafungua kinywa pamoja. Karibu, mkewe yupo na watoto."

"Na hii uliyoivaa?"

"Kilti. Wanavaa wanaume wa Uskoti. Nilisoma Glasgow, nkaizoea. Siku za mapumziko ndiyo nguo yangu."

Shangazi alikuwa keshatufikia, anahema. "Sketi? Ya rabbi, afadhali angekuwa na mke!"

Mimi bado nilikuwa na shaka naye. Nani huvaa hivyo siku ya jibu lake? "Hujui kama wiki hii unaangaliwa?"

"Nani asiyejua? Gari ya Bi Mahfoudha iko nyuma yangu tokea juzi." Shangazi akajitia kutazama mikate. "Ghaith kaniambia nivae kanzu mpaka jibu litoke, halafu ntavaa nnachotaka. Nkaona huo wizi. Kama wa kukataliwa, nikataliwe na hii, sasa hivi, wewe bado uko kwa mamako."

Nilitaka kulia, na kulia mbele ya duka la mikate ni aibu, kwa hiyo nikanyoosha mkono kwa Shangazi. "Nipe simu."

"Jawaher, watu watasema nini?"

"Watasema."

Mama alipokea akiwa na wasiwasi. Nikamwambia hana mke, ana kilti.

"Kilti? Maradhi gani hayo?"

"Si maradhi, Mama. Waambie ndiyo. Waambie nishamwona."