Bahari Isiyozamisha

"Mtie Msabah humo," mama alisema, kidole chake kikigusa kioo cha kompyuta, mashariki kidogo ya Nungwi. "Mtie, kisha uiwashe hiyo bahari yako niione inampeleka wapi."

Ilikuwa Jumamosi baada ya Adhuhuri, Februari ya mwaka elfu mbili, ofisini kwangu Mji Mkongwe. Mama hakuwahi kuingia humo hata siku moja. Alikuja kwa miguu kutoka Jang'ombe, buibui limeroa jasho mgongoni, akakataa kiti, akakataa na maji. Nilijua siku hiyo itanifika, na kiherehere kilikuwa changu mwenyewe. Ni mimi niliyekuwa nikijigamba kila tukikaa kula, kwamba nina bahari nzima ndani ya mashine, na mikondo yake na joto lake na chumvi yake, tangu miaka ya hamsini mpaka miaka mia ijayo.

Kaka yangu Msabah alikuwa baharia wa meli ndogo ya mizigo iliyotoka bandari ya Malindi, hapa hapa Unguja, na saruji Julai iliyotangulia. Ilipigwa na upepo wa kusi, ikazama ilipokwisha kupita Nungwi, kabla ya kufika Pemba. Watatu waliokolewa. Mmoja wao, Simai, alimwona Msabah mara ya mwisho amekumbatia dumu tupu la mafuta, mkondo ukimvuta kaskazini. Alituhadithia hivyo ili kutuliwaza, maskini. Laiti angenyamaza.

Mama alilishika lile dumu asiliachie tena. Dumu halizami, alisema. Mwanawe yuko Somalia kwa watu wema, anatafuta njia ya kurudi. Hakukubali khitma isomwe, wala hakutaka mtu aseme "marehemu" mbele yake. Mwanapili, mke wa Msabah, akabaki katikati, si mke wala si mjane. Eda hawezi kukaa, kwa kuwa mume hajafa. Harusini hawezi kwenda akapaka hina kama wenye waume zao. Kadhi alimwambia asubiri miaka minne, ila kama walionusurika pamoja na wazazi wa Msabah watakuja mbele yake waseme hawana tena tamaa ya kumwona hai. Simai na wenzake wawili walikuwa tayari. Baba alishafariki zamani. Lililobaki ni neno la mama.

"Wifi," Mwanapili aliniambia siku moja tukichagua mchele, bila ya kuninyanyulia uso, "mie siombi kuolewa. Nnataka kumlilia tu. Hata kumlilia siachiwi."

Siku zile nilikuwa nikitafuta jambo jingine kabisa: kama mkondo unaopita pwani yetu kwenda kaskazini unadhoofika kadiri bahari inavyozidi joto. Leo, miaka minane baadaye, mashine zetu ni bora zaidi na swali hilo bado linanikosesha raha. Katika hesabu kama zile, mwaka mmoja ni kitu kidogo. Dhoruba ya mwezi mmoja huhesabiwa makapi. Hupepetwa ikatupwa, ili mwenendo wa miaka mingi uonekane. Nilikuwa hodari sana wa kupepeta. Sasa mama alikuwa ananitaka nimtafute mwanawe kwenye makapi.

"Mama, hii si bahari ile," nilimwambia. "Ni hesabu tu. Mraba wake mmoja unaimeza Unguja nzima. Haimjui mtu."

"Nshasikia. Mtie."

Nikamtia. Kazi hiyo hufanywa kwa nukta nyingi, nikaweka elfu moja pale aliponionyesha. Zikatoka pamoja, nyeupe, zikapita Pemba, zikapita Mombasa, mwezi mzima ukenda kwa dakika moja. Mbele ya Somalia zikatawanyika. Nyingi ziligeukia mashariki, bahari kuu, na kaskazi ilipoanza, chache zikashuka kusini polepole kuelekea kwetu. Mama alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Wanarudi," alisema. "Yusra, tazama! Wanarudi!"

Kwa miezi saba sikuwahi kuliona tabasamu lile. Nilitamani kumwacha nalo, arudi nalo Jang'ombe akalale. Lakini Mwanapili naye alikuwa Jang'ombe, amekaa jikoni mwetu, hana hata ruhusa ya kulia. Roho iliniuma kwa wote wawili.

"Mama, hizo hazizami," nikasema. "Sikuiambia bahari hii kwamba kuna kuzama. Nukta haichoki, haisikii baridi, haina kiu. Ukiziacha, zitazunguka hivyo miaka mia."

Feni ilikuwa ikizunguka juu yetu. Mama aliziinamia nukta zake.

"Unaweza kuitia kiu?"

"Naweza."

"Itie."

Ni mstari mmoja tu wa maandishi. Nilianza kuuandika, nikakwama. "Siku ngapi, Mama?" niliuliza, na neno liliponitoka ndipo nilipotambua nimemwuliza nini mwanamke aliyemzaa.

"Alikuwa na nguvu tangu mdogo," alisema. "Mpe saba." Kisha akatikisa kichwa. "Kusi lile, na mawimbi yale. Mpe nne, zisizidi."

"Huu si ushahidi, Mama. Kadhi hawezi kuupokea."

"Nani kakwambia nnampelekea kadhi? Nnataka kumsindikiza mwanangu."

Kwetu wanawake hatufuati jeneza. Wanaume hulichukua mlangoni, sisi tukabaki ndani na vilio vyetu. Niliandika nne ziwe kikomo, nyingine zizimike mapema zaidi. Niliipunguza kasi ya mashine mpaka ikawa inakwenda saa kwa saa, nikasimama nyuma yake.

Nukta zikatoka tena. Kabla ya Pemba zilianza kuzimika, moja hapa, moja kule, kisha kwa makundi. Mama alikuwa akizifuata kwa kidole, bila ya kukigusa kioo. Ya mwisho ilifika usawa wa Lamu, ikazimika nayo. Bahari ikabaki buluu tupu.

"Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un," mama alisema. Nililia mimi, yeye alijitandia buibui lake vizuri, akaufungua mlango.

"Twende nyumbani," alisema. "Mtoto wa watu yuko jikoni, tumemweka sana."