Namba Tatu za Mto Ruo

Zile namba tatu nilizitunga mimi. Naanza na hilo kwa sababu nimechoka kusikia ofisini kwetu kwamba ni kompyuta iliyokosea. Kompyuta ilikaa kimya ikisubiri. Aliyebonyeza ni mimi, Dorika Malunga, mwenye cheti cha vipimo vya maji na miaka kumi na moja kazini.

Kazi yangu Blantyre ilikuwa kuingiza vitabu vya mito kwenye kompyuta. Kila kituo kina msomaji wake, mwanakijiji anayeshuka ukingoni saa kumi na mbili asubuhi, anautazama ubao wenye alama za mita uliosimikwa majini, anaandika maji yamefika wapi. Mwezi ukiisha, kitabu kinakuja kwetu na nakala inabaki kwake. Siku isiyoandikwa tunaiita pengo. Mkuu wa mradi wetu, Injinia Ngwira, aliyachukia mapengo kama mtu anavyochukia kunguni.

Kujaza pengo si dhambi, na sitaki mtu aniwekee mdomoni maneno ambayo sikuyasema. Jumatatu maji yalikuwa mita mbili, Jumatano mita mbili na sentimita ishirini, basi Jumanne unaandika mbili na kumi na unakwenda kula. Dada yangu anafanya kazi kwenye mashine ya picha hospitalini. Anasema hata wao hupiga picha za mwili vipande vipande na kompyuta ikajaza katikati. Lakini yeye akishuku kuna uvimbe, anavisogeza vipande karibu. Haiachii kompyuta ikisie kichwa cha mtu. Mimi nilipewa vitabu vya miaka kumi na miwili na wiki sita za kuvimaliza, na sikushuku chochote. Kulikuwa na kitufe cha kujaza, nikakibonyeza mara mia nne na zaidi. Bwana Ngwira alinisifu mbele ya ofisi nzima kwamba sina pengo hata moja, nami nikachekelea.

Kwa namba hizo wakachora tuta la kuuzuia Ruo usiingie Chinkhombe, kijiji cha kule bondeni ambako mto unatoka milimani kwa hasira na kukuta nchi tambarare. Mwezi wa Julai tukateremka huko kuwaonyesha watu mpango wao. Vijana wa mradi walikuwa wametangulia kuchomeka vigingi arobaini vyekundu, kila kimoja kikionyesha tuta litafika kimo gani. Jedwali langu la vipimo lilibandikwa kwenye ubao wa shule. Lilihitaji sahihi yangu kabla ya Ijumaa, nayo ingetiwa palepale, kijiji kikiwa shahidi.

Watu walikaa chini kwenye uwanja wa shule, wanawake upande mmoja, wanaume upande wa pili. Bwana Ngwira alieleza vizuri, ana sauti ya redio. Alipomaliza, mzee mmoja akaomba ruhusa, akapiga makofi ya heshima, akasema, "Bwana Injinia, hivi vigingi vyako vinanifika kifuani. Mwaka ule wa maji mimi nilikuwa juu ya paa. Sasa sijui, nimerefuka?"

Watu walicheka. Bwana Ngwira naye alicheka, ana adabu hiyo. "Bambo, mzee wangu, mwaka ule mvua ilikwama humu kijijini, ikatuama. Mto wenyewe haukupanda hivyo. Vipimo tunavyo, vya kila siku. Na vimetoka hapahapa kwenu."

Hapo ndipo aliposimama mwanamke aliyekuwa amekaa karibu na ubao wa shule. Nilijua jina lake kabla ya kumjua yeye, kwa sababu nimelichapa mara nyingi: Fainesi Gwembere, msomaji wa kituo cha Chinkhombe. Mama wa makamo, mwembamba, kitenge kimefungwa kwa kukazwa kama mtu anayekwenda kuvuna. Alikuwa ameshika kitabu chenye jalada la buluu lililovimba kwa maji ya zamani.

"Mimi ndiye msomaji," alisema. "Na kabla yangu alikuwa mume wangu, Lackson. Nimesoma karatasi yenu pale. Tarehe kumi na moja Februari, mwaka ule wa maji, tatu na themanini. Hiyo ni ya Lackson, ni kweli. Tarehe kumi na tano, nne na ishirini, hiyo ni yangu. Sasa hizi za katikati? Tatu na tisini, nne kamili, nne na kumi. Hizi za nani?"

"Mayi, mama yangu, hizo zimejazwa na wataalamu, kwa njia inayokubalika duniani kote," alisema Bwana Ngwira.

"Sikuuliza njia. Nimeuliza za nani. Aliyeziandika ana jina?"

Nilikuwa nimekaa nyuma ya meza ya mwalimu na kalamu mkononi. Ningeweza kunyamaza, na Bwana Ngwira alinitazama kwa macho ya kuniambia ninyamaze. Nikasimama. Sikuwa na ushujaa wowote, nasema kweli. Ni magoti tu yaliyonyanyuka.

"Ni zangu, Mayi. Mimi nimezijaza. Siku tatu zile hazikuwa na kitu."

"Hazikuwa na kitu?" Alikifungua kitabu, akanisogelea, akakiweka mezani. "Soma, mwanangu. Soma kwa sauti, na wale wa nyuma wasikie."

Kwenye safu ya namba palikuwa peupe. Pembeni, kwenye safu ya maelezo, maneno yalikuwa yamerudiwa siku tatu kwa kalamu ya risasi: Maji yamepita ubao. Maji yamepita ubao. Maji yamepita ubao. Nikasoma kwa sauti. Ubao wa Chinkhombe unaishia mita sita.

Nilikumbuka nilikuwa nimeyaona. Hilo ndilo linaloniunguza mpaka leo. Niliyaona maneno yale kwenye kitabu cha ofisi, na kwa kuwa kompyuta inapokea namba tu na haina mahali pa maneno, niliyapita. Nikavuta mstari ulionyooka kutoka tarehe kumi na moja hadi kumi na tano, na mto uliopanda juu ya ubao na kushuka tena ukapita chini ya mstari wangu kimya kimya.

"Mwaka wa kabla yake," Mayi Fainesi aliendelea, na sasa hakuwa akizungumza na mimi bali na uwanja mzima, "Lackson aliugua malaria, akaacha siku mbili bila namba. Ofisi ikamwandikia barua. Ikasema pengo halikubaliki, likitokea tena atatafutwa mwingine. Barua ninayo. Basi tarehe kumi na mbili asubuhi, maji yameshaingia jikoni, mume wangu akanipa kitabu nikishike, akasema ngoja nikaone ubao, wasije wakasema sikwenda. Nikamwambia ubao hauonekani. Akasema ofisi inataka namba." Alikichukua kitabu chake mezani. "Tulimpata siku ya sita, kwenye mianzi. Yeye amekufa akiitafuta namba hii. Ninyi mmeipata mmekaa kwenye kiti."

Hakuna aliyecheka. Mimi nilitaka ardhi inimeze, lakini ardhi ya Chinkhombe ilikuwa kavu mwezi ule na haikunisaidia. Nilimuuliza swali moja tu lililonijia kichwani, la kazi: "Mayi, maji yalifika wapi?"

"Twende," alisema.

Alitupeleka kwenye jengo la mashine ya unga, lile la matofali ya saruji. Juu kabisa, kiganja kimoja chini ya bati, palikuwa na mkwaruzo uliochongwa kwa msumari. Aliuchonga yeye mwenyewe akiwa amelala kifudifudi juu ya paa, maji yakiwa chini ya kidevu chake, kwa sababu alikuwa ameshika kitabu na hakuwa na namba ya kuandika. Nilitoa garini darubini ya kupimia, nikaifunga juu ya miguu yake mitatu. Bwana Ngwira akaniambia niache. Sikuacha. Nilipima kutoka kwenye mkwaruzo hadi kwenye ubao wa mtoni, nikiisimamisha darubini mahali patano, kijana mmoja wa kijiji akinishikia fimbo ya vipimo, nikarudia kutoka mtoni hadi kwenye mkwaruzo ili kuhakikisha. Saa moja na nusu ilipita, na hakuna aliyekwenda nyumbani. Ikatoka mita saba na sentimita kumi. Kilele cha vigingi vyetu, pamoja na mita nzima tuliyoongeza kwa usalama, kilikuwa mita tano na ishirini.

Bwana Ngwira alinivuta kando, nyuma ya choo cha walimu. "Dorika, sikiliza. Mkwaruzo wa msumari si kipimo. Ripoti imeshafika kwa wafadhili. Tukibadilisha kimo, michoro yote inaanza upya, na muda wao ni Ijumaa. Watachukua fedha zao wapeleke kwingine. Unataka watu hawa wakose tuta kabisa? Kwa sababu ya roho yako safi?"

Nilifanya jambo ambalo hakulitegemea: nilirudi uwanjani, nikalisema swali lake kwa sauti. Niliwaambia wakichagua tuta refu huenda wasipate lolote. Bwana Ngwira alisimama pembeni yangu amekunja mikono, maana alijua amenishinda.

Mayi Fainesi hakufikiri muda mrefu.

"Bwana Injinia, sisi sasa hatuna tuta. Ruo ukinguruma, tunaogopa. Tukiogopa, tunabeba watoto tunapanda kule kwenye kilima, hata kama ni bure, hata mara tatu kwa mwezi. Mkitupa hilo la kifuani, hatutaogopa tena. Tutalala. Na siku maji yakija kama yale, yatatukuta tumelala. Basi pelekeni fedha zenu. Tuachieni woga wetu."

"Umesema," alisema yule mzee wa paa.

Nilikwenda kwenye ubao wa shule, nikabandua jedwali, nikaliweka mezani. Nilizikata namba zangu tatu, mstari mmoja kwa kila namba, ili kila mtu aweze kuona zilikuwa nini. Pembeni nikaandika: maji yamepita ubao, mita 7.10 kwa alama ya jengo la unga. Nikatia sahihi kwenye maneno hayo. Mahali pa sahihi ya jedwali nikapaacha peupe, nikamsogezea Bwana Ngwira karatasi na kalamu.

"Kama zile tatu ni sahihi," nilimwambia, "ziandike upya kwa mkono wako, uweke jina lako. Msomaji yupo hapa, atakushuhudia."

"Unajua Jumatatu utakuwa stoo unahesabu mabomba."

"Najua. Andika."

Alichukua kalamu. Nitamtendea haki: aliishika kweli, akainama, na watu zaidi ya mia mbili wakasogea kuona. Mayi Fainesi alikuwa mbele kabisa, kitabu kifuani. Bwana Ngwira aliitazama ile nafasi nyeupe kwa muda ambao mtu angeweza kumenya muhogo. Kisha akaiweka kalamu chini, taratibu, akasema kuna jua kali na tutaendelea kuzungumza ofisini.

"Zungumzeni," alisema Mayi Fainesi. "Ila mali yenu msiisahau."

Akaenda kwenye kigingi kilichokuwa karibu na goli la watoto, akakitikisa huku na huku, akaking'oa. Mimi nikang'oa cha pili. Baada ya hapo sikuweza kuhesabu nani alikuwa anang'oa kipi, maana kijiji kizima kilikuwa kimetawanyika kwenye mstari wetu, na vigingi vilikuwa vikirudi begani na kichwani, vyekundu, na udongo ukining'inia kwenye ncha. Hawakuvunja hata kimoja. Walivipanga ndani ya gari letu, upande wa nyuma, kwa utaratibu kama kuni za msiba. Bwana Ngwira alikuwa amesimama kwenye mlango wa gari akisema kwamba hiyo ni mali ya mradi, na yule mzee wa paa, akiwa na vigingi viwili begani, akamwomba kwa heshima zote asogee kidogo ili mali ya mradi ipite.