Shamba Juu ya Keria

Asubuhi ya Jumatatu Asani alijaza matairi ya baiskeli upepo, akalimwagilia shamba lake maji, kisha akalikunja. Alianzia pembeni, penye kaburi la binti yake Cécilia, ili mtoto alale ndani kabisa pasipofika jua. Akaendelea kukunja kama mtu anavyokunja mkeka, mihogo ikilala upande mmoja na karanga zikijificha chini yake. Mchikichi haukuingia wote. Kichwa chake kilibaki nje. Alipoufunga mzigo kwa kamba za mpira juu ya keria, nyuma ya kiti cha baiskeli, uzito wake haukuzidi mabidoni mawili yaliyojaa mawese, na mawese alikuwa ameyabeba maisha yake yote.

Kijiji chake, nyuma ya Kabambare, kilikuwa kitupu. Watu wenye bunduki walikuja, wakaondoka, wakaahidi kurudi, na ahadi za watu wa namna hiyo hutimizwa. Mke wake Odile alikuwa ametangulia mjini Kasongo kwa miguu pamoja na watoto wawili waliobaki, wakapokelewa katika nyumba ya watu ambao nao hawakuwa na kitu. Shamba lililokunjwa huvumilia juma moja. Likipita hapo bila kutandikwa, hufa, na Odile alikuwa analingoja ili watoto wapate kula.

Barabara ya Kabambare hadi Kasongo ni barabara kwa jina tu. Asani alipanda baiskeli palipowezekana, akaisukuma kwingine kote, mchikichi ukifagia njia nyuma yake. Watu waliokuwa wakipalilia mpunga waliinua vichwa, wakaona mtu anapita na shamba lake, wakamtakia safari njema, wakarudia majani yao.

Kwenye bariera, kizuizi cha barabarani, askari mmoja alimsimamisha.

"Papa, umebeba nini?"

"Shamba yangu."

"Fungua tuone."

Alikunjua nusu. Askari waling'oa mihogo ya kuwatosha jioni, wakamsaidia kukunja tena, maana hawakuwa watu wabaya sana.

Huko Lusangi wachimbaji walimzunguka. Mmoja wao, Dady, alichota udongo wa shamba kwa mkono, akauosha kwenye karai, akautazama kwa muda mrefu.

"Iko na dhahabu?"

"Iko na muhogo."

Dady akamrudishia udongo wake ukiwa umelowa, na hakuna aliyemwangalia tena.

Kwenye miteremko Asani aliiachia baiskeli ikimbie, kwa kuwa siku zilikuwa zinaisha, ingawa moyo ulimuuma. Cécilia alizoea kupanda nyuma, kwenye keria hiyo hiyo, na kila mteremko alikuwa akisema, "Baba, polepole." Siku ya homa, Asani akimkimbiza kituo cha afya, walishuka mteremko baada ya mteremko na mtoto hakusema kitu. Hivyo ndivyo alivyojua. Aligeuza baiskeli, akarudi naye nyumbani.

Odile alimngoja pale mji unapoanzia. Hakuuliza habari za mihogo.

"Mutoto iko?"

"Iko mu katikati. Nilianza naye."

Kapita Théophile, mkuu wa kijiji kimoja kando ya Kasongo, aliwapokea vizuri. Alimletea Odile kiti, akawaonyesha kipande cha mchanga ambacho hakuna aliyekilima. Nusu ya mavuno ingekuwa yake, alisema, kwa sababu udongo wa juu ni wa kwao lakini ulio chini ya huo ni wa kwake. Wakakubali. Wahenga waliosema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, hawakusema atalima wapi.

Asani akaanza kukunjua. Mihogo iliinuka, ikajipangusa vumbi. Karanga zilifuata. Mchikichi ulisimama, Kapita akaupigapiga shina na kusema huo nao atautunza yeye. Kisha ikafunguka sehemu ya mwisho, likaonekana kaburi fupi lililozungushiwa mawe.

Kapita alivua kofia, akasali Baba Yetu mpaka mwisho. Akaivaa tena.

"Ndugu, hii hamukuniambia."

"Ni mutoto wetu, Papa Kapita," Asani alisema. "Tulimuzika zamani, kule kwetu."

"Poleni sana. Lakini mutu mwenye kuzika hapa, hapa ni kwake. Kesho wajukuu yenu watasema, sisi tuko na kaburi hapa. Mimi nitajibu nini? Muhogo, ndiyo. Kaburi, hapana. Mukate pale, mutandike hii ingine."

Walikunja shamba, wakajaribu vijiji vingine, mpaka upande wa Nyangwe. Kila mahali waliambiwa pole, na pole ilikuwa ya kweli, na jibu lilikuwa lile lile. Majani ya karanga yakaanza kugeuka manjano.

Odile ndiye aliyeshika panga.

"Wadogo wake wanatakiwa kula," alimwambia mume wake. "Yeye hali tena."

Asani alishikilia ukingo wa udongo, akatazama kando. Odile alikata huku akilia kwa sauti, na hakusimama mpaka mwisho.

Shamba sasa liko kwenye mchanga wa Kapita. Watoto wanakula sombe ya majani yake ya mihogo. Nusu ya kila kinachong'olewa hupelekwa kwa Kapita, na kule nyuma ya Kabambare wenye bunduki wamelala katika nyumba zisizo zao.

Asani yuko barabarani na kipande kilichobaki, kimekunjwa, chembamba kama mkeka wa mtoto. Kila kijiji anauliza. Anapopumzika hukitandika kando ya njia, akapalilia kaburi, akalinyunyizia maji, akakunja kabla mwenye mahali hajatokea. Watu wa njia ile wamemzoea.

"Bado?" wanamuuliza.

"Bado."

Akipita Kasongo, Odile hutoka shambani na mikono ya udongo, akakigusa kile kipande, kisha akamsaidia kusukuma mpaka juu ya kilima. Hawazungumzi sana. Juu pale mama hurudi kwa watoto walio hai, na baba huendelea na safari. Siku hizi hana haraka. Mteremko unapoanza hushuka kwenye baiskeli, huishika kwa mikono miwili, na kutembea polepole.