Vigingi vya Buluu

Alifunua moyo wa mche wa kwanza wa mahindi kwa vidole viwili, akaona kovu. Jani changa, ambalo lilikuwa bado limejikunja, lilikuwa na mabaka meupe yaliyokauka, kama ngozi iliyomwagikiwa maji ya moto. Akahamia mche wa pili, wa tatu, wa kumi. Kovu lile lile. Akavuka hadi kitalu cha jirani chenye vigingi vya njano, akafunua miche ishirini bila haraka, yote mizima. Vitalu vya vigingi vyekundu navyo vizima. Ni vile vya buluu tu vilivyoungua, vyote vinane, na mtu aliyefanya kazi shambani miaka ishirini na sita hahitaji darubini kujua kilichounguza. Kuna mtu alirusha mbolea ya urea kwa mkono juu ya mahindi yaliyosimama, tena asubuhi, umande haujakauka, punje zikatumbukia ndani ya miche na kuyeyukia humo humo.

Pale kituo cha utafiti wa mazao walimwita Bi Mizani, na hakuna aliyekumbuka jina hilo lilianzia wapi. Aliingia kama kibarua wa kupalilia, akaishia kuwa mwenye chumba cha kupimia. Hakuwa na cheti cha kutundika ukutani, ila mkono wake ulikuwa hauongezi wala haupunguzi. Wakulima wa bondeni, ambao hawamwamini mtu wa koti jeupe hata akiwaambia jua limechomoza, walikuwa na msemo wao: kama Bi Mizani amepima, basi imepimwa.

Jaribio lile la vitalu ishirini na vinne lilikuwa la mdogo wake, ambaye kituo kizima kilimwita Daktari. Urea ya kawaida huyeyuka mara moja, sehemu kubwa ya chakula chake ikachukuliwa na maji au ikapaa hewani kabla mzizi haujaonja. Yeye alizivika punje ganda la chembe za nano, ndogo kiasi kwamba unywele wa kichwani ukilazwa kando yake ni gogo, na ganda hilo lilitakiwa kuachia chakula kidogo kidogo kadiri mmea unavyohitaji. Kwa hesabu zake, nusu mfuko ungefanya kazi ya mfuko mzima. Vitalu viligawanywa kwa rangi tatu: vya bila mbolea, vya mbolea ya kawaida kamili, na vya nusu ya mbolea mpya. Rangi ipi ni ipi, Bi Mizani hakuambiwa. Ndio utaratibu wa kazi. Anayepima hatakiwi kujua anampimia nani, maana jicho nalo lina ndugu zake. Siri hiyo aliijua Daktari aliyepanga vitalu, na nakala yake ilikaa kwenye bahasha kabatini mwa mkurugenzi.

Bahasha haikumzuia kuhisi. Wiki ya tano vitalu vya buluu vilianza kudhoofika, majani ya chini yakageuka manjano kuanzia nchani, na yeye akaomba kimoyomoyo buluu isiwe ya mdogo wake. Siku mbili baadaye Daktari alimwita kando. Alimwambia amechoka, achukue siku kumi, aende akapumzike kwa shangazi yao. Miaka ishirini na sita hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba amechoka. Alifika kwa shangazi akalisimulia jambo hilo kwa majirani wote, hata wasiouliza. Sasa, akiwa amechuchumaa kati ya vigingi vya buluu, alielewa kwamba alivishwa kilemba cha ukoka, na kwamba alikipokea kwa mikono miwili na kutembea nacho mtaani. Aibu ilimpanda hadi masikioni.

Mlinzi wa lango hakumficha kitu, kwa sababu hakujua kama kuna la kufichwa. Alisema Daktari alikuja mwenyewe asubuhi na mapema, siku moja tu baada ya Bi Mizani kuondoka, na ndoo mkononi. Alipomuuliza, alijibu kwamba anampunguzia dada yake kazi. Mlinzi akaongeza kwamba ndugu wa namna hiyo ni wachache siku hizi.

Baba yao alipofariki, Bi Mizani alikuwa kidato cha pili na mdogo wake darasa la tatu. Aliacha shule akashika jembe. Mama yao aliwagawia kila mmoja matuta yake, naye aliyalima ya kwake, kisha akayalima ya mdogo wake, ili mtoto abaki kivulini na kitabu. Mbolea hakumruhusu hata kuishika, isije ikamchubua mikono. Ndiyo maana hakujua jambo ambalo mtoto yeyote wa mkulima analijua: urea hufukiwa kwenye kishimo kando ya shina, haimwagwi kichwani pa mche. Mtu aliyesoma nusu ya maisha yake juu ya chembe zisizoonekana kwa macho hakujua pa kuiweka punje inayoonekana. Siku nyingine angecheka mpaka mbavu zimuume.

Alimkuta kwenye chumba cha kupimia, akaliweka jani lenye kovu mezani mbele yake. Daktari alilichukua, akapitisha kidole juu ya kovu. Hakukana, na dada yake alitamani angekana.

"Mvua ilichelewa," alisema. "Ganda halikufunguka kwa wakati. Ni msimu huu tu, dada. Kule kwenye nyumba ya vioo ya kuoteshea ilifanya kazi, ulipima mwenyewe."

"Nyumba ya vioo hainyeshewi."

"Nitalirekebisha. Lakini nikiwaonyesha wakulima mahindi ya manjano Alhamisi, wafadhili watafunga mradi."

"Na wakulima watakaoweka nusu mwaka huu?"

Daktari alilisukuma jani pembeni mwa meza. Bi Mizani akamuuliza lililokuwa likimchoma zaidi: kituo kina wapimaji watatu, kwa nini alimchagua yeye?

"Kwa sababu bondeni wanakuamini," alisema, sauti ikishuka. "Na kwa sababu nilijua hata ukigundua, utanifunika. Umenifunika maisha yangu yote."

Maneno hayo yalimkata maini. Yangesemwa kwa dharau angejua pa kuyaweka, lakini mdogo wake aliyasema kwa shukrani, kama mtu anayetaja wema wa mzazi. Kumbe uaminifu alioujenga gramu kwa gramu ulikuwa muhuri wa kugongea karatasi za mtu mwingine. Na miaka yote aliyodhani anamlea msomi, alikuwa pia akimzoeza kuamini kwamba siku zote yupo wa kumlimia tuta lake. Aliumia kwa ajili yake mwenyewe, kisha akaumia kwa ajili ya yule mtoto wa kivulini.

Ofisi ya mkurugenzi ilikuwa hatua ishirini kutoka pale. Hakwenda. Daktari alimwomba ampe hadi Alhamisi, aseme mwenyewe mbele ya wakulima, na Bi Mizani akakubali. Damu ni nzito kuliko maji. Alitaka, kuliko kitu chochote, kumwona japo mara moja akimaliza tuta lake kwa mkono wake. Ilikuwa Jumanne mchana.

Alhamisi wakulima walikuja kama arobaini, wakiongozwa na mwenyekiti wa ushirika wao, mama mfupi wa sauti ya taratibu, ambaye huuliza swali moja pale wengine wanapouliza kumi. Daktari alizungumza vizuri. Aliwapitisha kwenye vigingi vyekundu, vya njano, kisha vya buluu, vile vya mbolea yake mpya, vilivyokwisha kurudia ukijani wake. Bi Mizani alisubiri lile neno. Daktari akawashukuru wageni kwa kufika. Alimtupia dada yake jicho mara moja, la mtu anayehakikisha mlango bado umefungwa, na mkurugenzi akaanza kupiga makofi.

"Bi Mizani," mama mwenyekiti aliuliza, "haya umeyapima wewe?"

Alipiga moyo konde. "Nimeyapima. Lakini mnachokiona si kazi ya mbolea mpya. Vitalu vya buluu vimeongezwa urea ya kawaida, na aliyeongeza ni mdogo wangu. Msiweke nusu."

Makofi yalikoma. Daktari aliinamisha kichwa. Mkurugenzi alimwita Bi Mizani kwa jina lake halisi, kwa sauti ya chini, kama anayemwomba akanushe. Mama mwenyekiti hakumtazama yeyote kati yao.

"Umejua lini?"

"Jumanne."

Yule mama alitikisa kichwa taratibu, akihesabu siku. "Lori lenu la mbolea mpya lilifika kwetu jana," alisema. "Tukagawiwa nusu nusu. Tukauliza nani kapima, tukaambiwa wewe. Ardhi ilikuwa na unyevu, tukaona tusiupoteze. Tumeweka jana hiyo hiyo, kutwa nzima."

Bi Mizani alimgeukia mdogo wake. Daktari alisema, bila kuinua uso, kwamba orodha ya lori ilipangwa tangu wiki iliyopita, na kwamba hakuizuia.

Kwa hiyo muda aliompa mdogo wake ulikuwa umelipwa na wakulima, Jumatano. Siku mbili hizo alijiona mtu aliyesalitiwa, na ni kweli alisalitiwa. Alilala na uchungu huo na kuamka nao. Lakini mbele yake walisimama watu arobaini waliofukia kishimo kwa kishimo kwa sababu ya jina lake, na wakati wakifukia yeye alikuwa anajua.

"Mahindi yenu bado yanaokoleka," alisema. "Yakiongezewa kabla ya wiki mbili kwisha, yataokoka. Nitakuja mwenyewe, shamba kwa shamba."

Mama mwenyekiti alimtazama, si kwa hasira. Afadhali ingekuwa hasira.

"Njoo, utuelekeze," alisema. "Lakini safari hii tutapima wenyewe."

Wakaanza kuondoka kuelekea langoni, wakizungumza kwa sauti za chini. Bi Mizani alivua koti la kazi, akaliacha juu ya kigingi kilichokuwa karibu. Mdogo wake alimwita, "Dada," mara moja tu. Hakugeuka. Aliwafuata wakulima barabarani, hatua chache nyuma yao. Hakuna aliyesimama kumngoja, wala hakuna aliyemwambia arudi.