Oili Nyepesi ya Oliva

Gari lilipoingia uani kwake kijijini Tlawi Jumamosi jioni, Tadeo alilizunguka mara mbili kama mnunuzi mnadani, akainua boneti, akacheka mpaka kofia ikamdondoka.

"Hii ndiyo injini? Au ni mashine ya kukoboa?"

"Baba, hata shikamoo yangu hujaitikia."

"Marahaba, marahaba. Nusu nyingine ya injini iko wapi?"

Oliva, binti yake wa mwisho, afisa mifugo huko Katesh, alikuwa amejinyima miaka minne hadi kulipata gari lile, na sifa zake alizijua kama sala. Silinda tatu tu. Ujazo haufiki hata cc elfu moja. Lakini lilikuwa na tabo, kile kifaa kinachozungushwa na moshi unaotoka, kikaisukumia injini hewa zaidi, na kwa hewa hiyo kainjini kale kalitoa nguvu za farasi mia moja na kumi.

"Nimepanda milima yote ya huku, baba. Halikuhema."

"Akili ni nywele," Tadeo akasema, "kila mtu ana zake." Lakini moyoni alijaa furaha mpaka akashindwa kuufunga mdomo.

Alikuwa fundi wa malori kwa miaka thelathini na mitatu. Lori likiharibika Maretadu au Tumati, aliitwa yeye. Kisha macho yakaanza kuingia ukungu, na wenye malori, mmoja mmoja, wakaanza kupita barabarani bila kusimama. Hakuna aliyemwambia kitu. Afadhali wangemwambia, wakagombana, yakaisha. Aliyebaki kumuuliza habari za injini ni Oliva peke yake. Alipiga simu kila wiki: baba, inatoa mlio huu, baba, hii harufu ni ya nini? Mzee anaweza kuishi kwa simu ya namna hiyo wiki nzima, na Tadeo ndivyo alivyoishi.

Sasa tazama alichokifanya. Jumapili asubuhi mkewe Philomena na binti yao walikwenda misa. Yeye alisingizia goti. Walipopotea tu kilimani, goti likapona. Alichomoa kijiti cha kupimia oili, akaisugua ile oili kwa vidole. Ilikuwa nyepesi, inakimbia kama maji ya kunawa.

"Wamemwibia mtoto wangu," akasema kwa sauti. "Hao mafundi wa Katesh!"

Stoo alikuwa na dumu la oili namba arobaini, nzito, ya malori, ambalo hakuwahi kulifungua. Akaingia chini ya gari, akaimwaga ile nyepesi yote, akajaza nzito. Aliwasha injini kwa dakika moja, akaona mlio umetulia, akazima, akaenda kunawa. Hakukusudia kumwambia mtu. Wazee wa kwetu hawajui kusema nakupenda mwanangu. Watakukagulia tairi, watakujazia oili, kisha watakuuliza kwa ukali unaondoka saa ngapi.

Mchana walikula ugali na maharage. Oliva alikuwa bado kwenye habari za gari lake.

"Watu wanasema injini ndogo za tabo hazidumu. Si kweli. Zinauawa na oili. Tabo inazunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika, baba! Oili yake lazima iwe nyepesi, ifike haraka, hasa alfajiri ya baridi kama ya huku. Ukiweka ile nzito ya malori, tabo inakaa kavu, inajisaga yenyewe." Akamega tonge. "Kuna fundi mmoja aliiua ya mwenzangu hivyo hivyo. Mimi yule simpi hata baiskeli."

Tadeo akalirudisha tonge lake sahanini. Philomena akamsogezea maji ya kunawa.

Oliva angeondoka kesho yake saa kumi na moja alfajiri. Tadeo alitoka akasimama nyuma ya zizi, akapiga hesabu zake. Akinyamaza, gari lingeweza kufika Katesh, likafa baada ya mwezi, na lawama ikaenda kwa Wajapani waliolitengeneza. Akisema, ile simu ya kila wiki imekwisha. Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema, lakini hapa ambaye angeumbuka ni mtoto, peke yake porini, boneti juu. Alijiona ni mzee wa hovyo kwa kuwa hata hilo lilimchukua muda kulipima.

Alimkuta Oliva akifuta vioo.

"Oliva. Nimeliharibu gari lako."

Akamwambia yote, pamoja na goti. Oliva aliketi kwenye ngazi ya mlango, kitambaa mkononi.

"Uliliwasha?"

"Dakika moja."

"Hujaliendesha?"

"Sijaliendesha."

Oliva akashusha pumzi. "Basi halijafa. Lakini baba, kwa nini hukuniuliza?"

"Niliona oili kama maji. Nikajua wamekuibia."

"Nani aniibie? Ile oili niliiweka mimi. Niliingia chini ya gari mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, kama ulivyonifundisha."

Tadeo alitazama chini. "Niliogopa kukwambia," akasema. "Nilijua hutanipigia tena."

Oliva akatoa simu. Alimpigia Sulle wa bodaboda, akamtuma mjini Mbulu kwa muuza vipuri, akamtajia namba za oili mara tatu. Sulle alirudi baada ya saa moja na nusu na oili na chujio jipya. Oliva aliivaa kanga ya mama yake juu ya gauni la misa, akaingia chini ya gari. Alikuwa na hasira, na hakuificha. Aliimwaga oili nzito yote, akabadilisha chujio. Tadeo alimpa spana kila aliponyoosha mkono.

Ilibaki nati ya kuziba tundu la kumwagia oili. Nati ile ina ukorofi wake: ukiilegeza inavuja, ukiizidishia inapasua sinia la injini, lile linalobeba oili. Oliva akatoka chini, akamkabidhi spana.

"Kaza wewe."

"Mimi? Macho yangu haya?"

"Kwani inakazwa kwa macho?"

Tadeo akajilaza chali, akajivuta hadi chini ya injini. Akaipapasa nati, akaizungusha kwa vidole mpaka ikakaa, kisha akaweka spana, akavuta taratibu, akasikiliza mkono wake. Akaongeza robo mzunguko. Akaacha.

"Tayari," akasema. "Njoo uijaribu."

Maana ndivyo ilivyo kazini. Nati iliyokazwa na mwingine, mwenye gari huijaribu kabla ya kumimina oili, hata kama aliyekaza ni baba yake. Tadeo alisubiri amwone binti yake akipiga magoti. Oliva aliinama, akaichukua spana mkononi mwa baba yake, akaifuta, akaitia kwenye boksi la vifaa, akafunga kifuniko.

"Oliva, ijaribu kwanza."

"Si umekaza wewe?" Oliva akasema, na juu ya kichwa chake Tadeo akasikia oili nyepesi ikianza kumiminwa.

Hakutoka. Alibaki amelala pale pale chini ya injini, maana uso aliokuwa nao wakati ule haukuwa wa kuonyeshwa mtu. Oliva aliiona miguu ya baba yake imetulia kwenye majani, akamwacha.