Maji ya Kunawa

Mama Delphine alikuwa amepiga magoti mbele ya mbabula ya makaa, akisonga ugali, waliouita bukari, kwa mikono miwili, jasho likimdondoka puani. Bukari ya wazee wa kanisa haikutakiwa kuwa na donge hata moja. Mwanamke aliyeomba kuvikwa kitambaa cheupe cha ushemasi aliwapikia wazee siku ya kupimwa, naye hakuruhusiwa kuonja wala kujiwekea akiba. Donge likionekana, lilihesabiwa kuwa donge la moyoni mwake. Huo ndio uliokuwa ufundi wa kanisa lile la mtaa wa Katuba, kusoma roho ya mwanamke ndani ya sahani. Roho ya mwanamume haikusomwa popote. Yeye alinunua koti, akajifunza kukohoa kwa uzito, akawa shemasi.

Maji alikuwa ameyateka kabla jua halijatoka. Tangu vita vya Septemba kati ya Katanga na Umoja wa Mataifa, bomba la mtaa lilifungwa mapema, na aliyechelewa alirudi na ndoo ya upepo. Yaliyobaki baada ya kupika yalijaza birika moja.

Unga nao ulikuwa na vita vyake. Kule sokoni muuzaji alimpimia kwa kopo ambalo kitako chake kilikuwa kimegongwa kikaingia ndani.

"We mama, unaangalia kopo juu ya nini?"

"Ninaangalia tumbo yake. Inaingia ndani sawa yangu."

Muuzaji alicheka, lakini hakuongeza hata kiganja. Samaki mkavu wa Kasenga alikuwa amepanda bei hadi watu wakawa wanamtazama kama picha ukutani, kisha wanaenda zao. Delphine alinunua wawili. Njiani, penye kizuizi cha bariyeri, askari jandarma alichokora kikapu chake kwa mdomo wa bunduki, akamchukua mdogo.

"Hii ni ya usalama," alisema.

"Iko ya wazee ba kanisa, baba."

"Basi, baniombee."

Basi samaki mmoja ndiye aliyebaki wa kutetea chumba chake. Kwa maana jambo lenyewe lilikuwa chumba. Delphine aliishi nyuma ya kanisa, chini ya bati, tangu mumewe alipofia kiwandani kwenye tanuru la shaba. Alifagia kanisa, alifua vitambaa vya meza ya Bwana, aliosha maiti za wanawake ambao ndugu zao waliogopa kuwagusa. Hayo yote yalifanyika miaka mingi bila mtu kuuliza kama anafaa. Sasa Pasta Gérard alitangaza kwamba chumba ni cha mtumishi aliyevikwa. Akivikwa, atakaa. Akishindwa, atatoka.

Bukari ilipoiva, Delphine alifanya kosa ambalo mwanamke mwenye akili ya kanisa lile asingelifanya. Alikata tonge kubwa, akaweka kichwa cha samaki juu yake, akafunika ndani ya sufuria ndogo na kuisukuma nyuma ya mlango. Chakula hicho kilikuwa cha Claudine.

Claudine alikuwa Mkasai, na Wakasai walikuwa wakifukuzwa Katanga. Kila Jumapili alisimama bega kwa bega na Delphine katika kwaya, mpaka usiku ule vijana wa chama tawala walipompigia mlango kwa mawe wakimwambia arudi kwao. Kwao ni wapi? Alizaliwa Katuba. Alikimbilia kambi ya wakimbizi, chini ya askari wa Umoja wa Mataifa, ONU, na huko akajifungua ndani ya kibanda cha magunia. Kila jioni Delphine alimpelekea chochote. Kanisa zima lilikuwa limemwimbia Claudine siku ya ubatizo wake, na kanisa hilohilo sasa lilitamka jina lake kwa kunong'ona, kama jina la ugonjwa.

Wazee walikuwa watatu: Pasta Gérard, mzee Adalbert, na katibu Émile mwenye miwani. Delphine alipiga magoti mbele ya kila mmoja, akawanawisha kwa maji machache, kisha akarudi ukutani na kusimama mikono nyuma. Walikula vizuri, maana wenye kupima wengine huwa na njaa kubwa.

"Habari ya mama Angélique mulisikia?" aliuliza Adalbert, akitoa mwiba mdomoni. "Banasema bwana yake analalaka kule mutaa wa Kenya, kwa ule mwanamuke wa kuuzisha munkoyo."

"Njo vile," alisema Émile. "Na ule binti yake, tumbo ile haiko ya bukari."

Walicheka mpaka pasta akapaliwa. Alijipiga kifua, akameza, akavaa uso wa ibada.

"Tuanze. Maandiko yanataka mwanamke wa utumishi asiwe msengenyaji. Mama Delphine, weye unasengenyaka bantu?"

"Hapana, baba pasta."

"Muzuri."

"Tena akuwe na kiasi," alisema Adalbert, na pumzi yake ikamfikia Delphine pale ukutani: pombe kali ya lutuku aliyoinywa asubuhi, iliyofunikwa kwa karanga. "Unakunywaka?"

"Munkoyo tu, tata. Ile ya mahindi, ya sukari."

"Hata ile. Bulevi inaanziaka kule." Akaegemea ukuta, kana kwamba ukuta ndio uliokuwa ukiyumba.

"Bado uaminifu," alisema Émile. "Mwaminifu katika kila jambo." Naye aliinuka, akaenda moja kwa moja nyuma ya mlango kama aliyeambiwa na pua yake, akafunua sufuria. "Na hii iko ya nani?"

Delphine alitazama kifuniko mkononi mwa Émile.

"Ya mugonjwa."

"Mugonjwa wa wapi?"

"Wa kampi. Claudine. Iko na mutoto muchanga, maziwa inamukauka."

Hakuna aliyeuliza mtoto ni wa kiume au wa kike. Pasta Gérard alishusha pumzi ndefu, ile aliyoitumia mazishini.

"Mama, siye hatukatazi upendo. Lakini hii inchi ya Katanga iko na serikali yake, na kila utawala unatoka kwa Mungu. Weye peke yako hauwezi kubeba kila siku. Kuko bamama bengine, tunajua. Utuambie majina. Tatu, ine tu. Siku ya Mungu tunakuvalisha kitambaa, na chumba iko yako."

"Majina itaenda wapi, baba pasta?"

Émile alimtazama Adalbert. Katuba nzima ilijua kwamba mpwa wa Adalbert ndiye aliyewaongoza vijana wenye mawe na minyororo ya baiskeli.

"Itaenda mu maombi," alisema Adalbert.

Delphine aliwatazama mmoja mmoja. Aliona mafuta ya samaki kwenye ndevu, miwani iliyoingia ukungu wa mchuzi, tai iliyodondokewa mboga ya sombe. Mbele ya watu hawa alikuwa ametetemeka usiku kucha, akichekecha unga mara mbili. Walikuwa wamemuuliza kama yeye ni msengenyaji, na sasa bei ya kitambaa waliyomwekea mezani ilikuwa kusengenya. Hofu ilimtoka. Mahali pake pakaingia kitu baridi.

"Andikeni," alisema. "Jina iko moja. Delphine."

"Tunataka ingine."

"Muliniuliza kama ninasengenyaka, nikasema hapana. Munataka ile jibu ikuwe ya bwongo?"

Pasta Gérard alinyoosha mikono yake juu ya bakuli, vidole vimeganda bukari hadi kwenye pete.

"Lete maji, mama. Tunawe, halafu tusali, labda Mungu atakulainisha."

Birika lilikuwa miguuni pake, limejaa nusu, na wote watatu waliliona.

"Maji ya kunawa hapa hapana," alisema Delphine.

Alimnyang'anya Émile kifuniko, akafunika sufuria, akajitwisha kichwani. Birika alilishika mkononi.

"Basi leo unatoka mu chumba," alisema pasta, taratibu.

"Ninajua."

Huko nje alitupa jicho mara moja kupitia dirishani. Walikuwa bado wamekaa, mikono hewani, bukari ikiwakauka vidoleni. Bomba lilikuwa limefungwa. Pasta hakuweza kufungua Biblia asiichafue, wala Émile kushika kalamu. Adalbert alitazama mkono wake, akatazama mlango, kisha akaanza kulamba, kidole kwa kidole.

Nguo zake na mkeka angevifuata jioni, kama angevikuta. Pa kulala usiku ule hakupajua. Alishika barabara ya kambi. Jua lilikuwa kali, na birika aliliegemeza kifuani lisimwagike. Mtoto wa Claudine angeogeshwa leo.

Mbele yake, karibu na bariyeri, mwanamke alikuwa akitembea peke yake, kichwani sufuria iliyofunikwa kwa kitenge. Alivuta mguu wa kushoto kidogo. Delphine aliujua mwendo ule. Jumapili zote ulipita mbele yake kwenda kwenye benchi la pili.

Hakumwita kwa jina. Aliongeza mwendo.