Boriti Bila Nyumba

Wenzake bwenini walimbatiza jina la Popo, na jina likamkaa kana kwamba alizaliwa nalo. Alikuwa mwaka wa tatu wa uhandisi wa majengo, akimeza vidonge vya kufukuza usingizi kama mtu anayetafuna karanga, na akijisifu kwamba godoro lake ni jipya kwa kuwa halijatumika. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na Popo kweli hakuwajua wa kwake.

Basi mitihani ikaja. Ule wa miundo aliuingia macho makavu, mkono ukikimbia mbele ya kichwa. Swali la kwanza lilikuwa la boriti: mzigo wake, kina chake, nondo zake. Alilipenda swali lile, masikini. Akalipiga hesabu, akalirudia kwa njia ya pili, akalihakikisha kwa ya tatu, akachora kwa rula, akaitia kivuli kila nondo, akafikisha desimali tisa. Kengele ilipolia, maswali manne yalikuwa hayajaguswa, naye wala hakushtuka. Alitoka kifua mbele akiwaambia wenzake kwamba hajawahi kufanya mtihani mtamu kama ule.

Karatasi ilirudi na alama kumi na tisa kwa mia. Chini yake mhadhiri alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: "Boriti hii haitaanguka kamwe. Nyumba iko wapi?"

Kulikuwa na mtihani mmoja wa marudio, baada ya wiki sita. Akifeli huo, chuo ndiyo basi. Popo alikwenda kwa shangazi yake aliyemlea, fundi mwashi, mwanamke mfupi mwenye viganja vigumu na mdomo usio na breki. Alimweleza yote, hata vidonge, akingoja radi. Shangazi alianza kwa kucheka, hasa kwenye zile desimali tisa. Kisha akakunja uso na kumuuliza zege likishamwagwa fundi hufanya nini kesho yake. Popo akajibu kama kitabu: hulimwagilia maji na kuliacha lishike, na nguvu zake hupimwa baada ya siku ishirini na nane.

"Sasa wewe unamwaga leo, kesho unapandisha ghorofa," shangazi alisema. "Mwanangu, unalisomea zege na hujaliamini. Lete hivyo vidonge."

Wiki ya kwanza ilikuwa chungu. Popo alilala ameketi, alilala mdomo wazi, aliamka kichwa kikimgonga. Akifungua kitabu, mistari ilimkimbia, na aliogopa kwamba vidonge vimeondoka na akili zake. Shangazi akamwambia avumilie, akamwekea chakula, akaenda zake kupiga plasta. Wiki ya tatu Popo aliamka asubuhi akakuta alichosoma jioni kipo palepale alipokiweka. Alifurahi mpaka akajicheka peke yake.

Siku ya marudio boriti ilikuwapo tena, safari hii swali la tatu. Mkono ukataka kutia kivuli. Akaipa dakika thelathini na tano na desimali mbili, akafunua ukurasa. Swali la tano alijua nusu yake tu. Akaandika nusu hiyo, nyingine akakubali kwamba haijui.

Asubuhi ya matokeo aliamka jua limeshapanda. Shangazi alikuwa ameketi kizingitini, amevaa ovaroli, mwiko wa kupigia plasta mapajani, simu ya Popo mkononi. Kazini walikuwa wanamngoja tangu saa moja, na mwanamke huyu hakuwa mtu wa kuchelewa, hata siku ya mvua. Popo akaipokea simu na kusoma ujumbe wa mhadhiri: "Sitini na mbili. Boriti ya kawaida, lakini nyumba imesimama."

Akaketi palepale, akausoma tena. Alikuwa na furaha tele, na sitini na mbili ilimtosha kabisa. Baadaye ndipo akaona ujumbe umeingia saa kumi na mbili na nusu. Akauliza kwa nini hakuamshwa.

Shangazi alikuwa ameshasimama, akijifuta macho kwa ukosi wa ovaroli.

"Ulikuwa umelala," alisema. "Zege likiwa bichi, nani analikanyaga?"